Meno ya Kuchonga

Jina alilopewa na mama yake lilikuwa zuri, lakini mjini hapakuwa na aliyelikumbuka. Walimwita Dhamana, kwa kuwa kila alichouza alikiuza na dhamana, na mpaka leo hajatokea mteja aliyefanikiwa kumwona tena ili aidai. Aliwahi kuuza saa zilizokwenda vizuri mpaka mnunuzi avuke barabara. Aliwahi kuuza dawa ya mende, na mende wakanenepa. Tusimwonee, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu wa kazi na hodari wa maneno, na mtu aliyejaliwa mdomo wa namna ile hawezi kukaa nao nyumbani tu.

Jumamosi moja alikuwa kwenye kibaraza cha kinyozi, chini ya kilima cha mawe, akisoma gazeti ambalo hakulinunua, alipowaona watu wa chama cha baiskeli wakirudi. Asubuhi walikuwa wamepanda kilima kwa maringo, kofia ngumu kichwani na miwani ya rangi usoni. Sasa walirudi kwa miguu, kila mmoja akiburuta baiskeli iliyolala kwenye rimu. Mawe ya kule juu ni makali, na matairi yao yalizoea lami. Mengine yalikuwa na pancha juu ya pancha, mengine yamechanika ubavuni kabisa. Mbele yao alitembea Mwenyekiti wa chama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akilalamika kwa sauti kwamba katika mji mzima hakuna tairi linaloweza kubishana na jiwe.

Wengine wote pale walisikia malalamiko. Dhamana alisikia anaitwa kwa jina. Alikunja gazeti, akamrudishia kinyozi kwa heshima, akaenda kumpa Mwenyekiti pole.

"Tairi la mawe halichaguliwi kwa macho, Mwenyekiti," alisema. "Linachaguliwa kwa kidole gumba. Bonyeza ubavu. Ubavu ukikubali upesi kwako, na kwa jiwe utakubali upesi."

Akaendelea. Meno yawe makubwa na yaachane, ili changarawe idondoke isigande. Katikati pawe pagumu pasiishe haraka, pembeni pawe na mpira laini unaoshika kwenye kona. Na upepo usijazwe mpaka tairi liwe gumu kama ubao, kwa maana tairi gumu hurushwa na kila jiwe, na aliye juu yake hurushwa vilevile. Kila neno lilikuwa kweli. Dhamana alikuwa na desturi ya kuujenga uongo wake juu ya msingi imara, na msingi huu alifundishwa na dada yake, ambaye tutamfikia.

Akaonyesha baiskeli yake mwenyewe. Ilivaa jozi ya matairi halisi ya mlimani, jozi pekee ya haki katika maisha yake, aliyoipata kwa njia ambayo hapa si mahali pa kuieleza. Mwenyekiti akabonyeza, kidole kikagoma. Akauliza kama yapo mengine. Dhamana akasema yapo mzigo mzima. Mwenyekiti akamvuta pembeni, akamnong'oneza kwamba angeyachukua yote, ila asimuuzie mwanachama yeyote moja kwa moja. Wanachama atawasaidia yeye mwenyewe, kwa bei ya kusaidia. Macho yalimng'aa aliposema kusaidia. Mwenye tamaa akikutana na mwongo, hakuna anayehitaji kusukumwa.

Dhamana aliishi juu ya kilima, kwenye chumba cha uani kwa dada yake. Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alimpeleka shule akiwa amembeba nyuma ya baiskeli, na sasa nyuma ya baiskeli hiyohiyo alibeba trei za mayai, akiyakusanya kwa wafugaji wa juu na kuyashusha mjini kila siku. Njia za kushuka zilikuwa mbili: barabara ndefu inayozunguka kilima, na njia ya mkato ya mawe. Kwa kuwa matairi yake yalikuwa hoi, alizunguka, na kila siku alifika sokoni wenzake wameshauza. Alimpenda mdogo wake, lakini baada ya mambo ya ile dawa ya mende, ambayo nusu ya wateja wake wa mayai waliuziwa, alimwapia: akisikia tena ametapeli mtu, begi lake litalala nje.

Kwa hiyo Dhamana alifanya kazi dada akiwa sokoni. Alizunguka kwa mafundi na kwenye jalala la nyuma ya nyumba, akakusanya matairi yaliyoisha meno, vipara vitupu. Akapasha kisu motoni, akavichonga meno mapya, makubwa na yenye kuachana kama alivyohubiri, bila kujali kwamba mpira uliobaki chini ya meno ulikuwa mwembamba kuliko ahadi zake. Akavipaka rangi nyeusi ya viatu, akavifunga kwenye nailoni. Jirani aliuliza nani kaunguza viatu.

Jambo moja hakulifanya. Fundi yeyote wa baiskeli, kabla ya kufunga tairi, hupitisha kiganja ndani yake kutafuta mwiba. Dada alimfundisha hivyo tangu akiwa mdogo, lakini Dhamana alijiambia kwamba hiyo ni kazi ya anayefunga, na yeye alikuwa anauza tu.

Siku ya kukabidhi alikwenda na mkokoteni, na juu ya mzigo akaiweka ile jozi yake halisi. Mwenyekiti akabonyeza ya juu, akaridhika, akaingia ndani kuleta fedha. Alipotoka, ile jozi ilikuwa imelala ndani ya gunia la Dhamana, mzigo umeshafungwa kamba, na Dhamana anajipangusa jasho la uaminifu.

"Ila ujue, Mwenyekiti, mali ikiuzwa hairudishwi."

"Na dhamana?"

"Dhamana ni mimi mwenyewe."

Alizitia fedha kwenye soksi na kutokomea mjini mpaka alasiri. Alirudi akipiga mluzi, gunia begani, na mluzi ukafia mlangoni. Dada alikuwa ameipindua baiskeli miguu juu uani, na magurudumu yote mawili yamevaa matairi mapya, meusi, yanayonuka rangi ya viatu.

Dada akamweleza kwa furaha kwamba ni zawadi. Kumbe Mwenyekiti alikuwa akimnyemelea kwa miezi kadhaa, kwa kununua mayai kuliko mtu mmoja awezavyo kula, na mchana huo, alipompelekea trei, alimpa jozi hii. Kesho, alisema, hazunguki tena. Angeshuka na njia ya mawe, trei zimejaa, afike sokoni kabla ya watu.

Dhamana aliijua njia ile. Kuna mahali chini yake ni korongo, na pembeni hakuna cha kushika. Kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara alimwona mteja wake akiwa na uso, na ulikuwa uso uliomlea. Akisema kweli, begi lake nje. Akinyamaza, la kutokea hakuweza hata kulifikiria.

Akajaribu njia zake. Akasema meno hayo ni makubwa mno kwa mwanamke mwenye heshima. Dada akacheka. Akasema amesikia mawe ya mwezi huu yameamka vibaya. Dada akamwuliza tangu lini amekuwa mtabiri. Mwisho akafungua gunia, akatoa jozi yake.

"Tubadilishane, dada. Chukua yangu."

Dada akaigeuza, akaibonyeza kwa kidole gumba. "Yako yametumika, yangu mapya. Mtu habadilishi kuku kwa kifaranga bila nyongeza."

Ndipo ikaanza biashara ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, biashara ya kumlipa mtu apokee kitu kizuri. Alitoa noti, dada akatikisa kichwa. Akaongeza, dada akakumbuka kwamba zawadi ina uzito wake moyoni, haiuzwi ovyo. Akaongeza tena. Dada akauliza je, Mwenyekiti akiuliza matairi yake yako wapi, amjibu nini, na jibu hilo nalo likahitaji noti. Soksi ilipobaki na mguu peke yake, dada alikubali, kwa shingo upande.

"Ila leo unanunua kwa nguvu, mdogo wangu," alisema.

Asubuhi, dada alifunga trei juu ya baiskeli yenye matairi ya haki. Dhamana, mfuko mtupu lakini roho nyepesi, akaenda uani kuyakata yale ya kuchonga yasimdhuru mtu. Alishika moja, na kwa kuwa safari hii halikuwa la kuuza, mkono wenyewe ukaingia ndani kama ulivyofundishwa. Ukakutana na mshono.

Akaligeuza. Uzi wa gunia, wa kijani, umepishanishwa kama ukili wa mkeka. Katika mji huo ni mtu mmoja tu aliyeshona tairi lililochanika kwa namna hiyo, na tairi lenyewe alilitupa mwaka jana kwenye jalala la nyuma ya nyumba. Dhamana aliinua macho. Dada alikuwa amesimama getini, mguu mmoja kwenye pedeli, anamtazama.

"Ulijua," alisema Dhamana.

"Nilipitisha mkono palepale dukani. Mwenyekiti alikuwa bado anaapa kwamba ameniagizia kutoka ng'ambo, usiku hapati usingizi kwa ajili yangu." Dada akasonya. "Mmoja kachonga tairi, mwingine kachonga maneno."

Alimwambia kwamba Mwenyekiti ameonywa: tairi moja tu likimfikia mwendesha baiskeli, mshono huu utahudhuria mkutano wa chama. Tangu jana mchana matairi yote yamezungushwa kwenye miche ya maua nyuma ya duka, na Mwenyekiti ameomba habari hizi na zile fedha zisitajwe tena mbele ya mtu.

"Sasa mbona hukunifukuza?"

Dada alikaza kamba ya trei ambayo haikuhitaji kukazwa. "Nilikuwa nangoja. Ungeniacha nishuke na haya, begi lako ningelitoa mwenyewe."

Dhamana alijifuta pua kwa mkono unaonuka rangi ya viatu. Alitaka kuomba msamaha, na aliuomba, kwa maneno machache na yasiyo na urembo wowote, jambo ambalo kinyozi hangeliamini akisimuliwa. Dada akaitikia kwa kichwa.

Lakini mtu ni yuleyule. Baiskeli ilipoanza kusogea, akauliza kwa unyenyekevu kuhusu ile nyongeza.

"Mdogo wangu," dada alisema, akijiweka sawa juu ya kiti, "mali ikiuzwa hairudishwi."

Akaachia breki, akaingia njia ya mkato. Mawe yalimpokea kwa kelele, trei zikatikisika, akapita ukingoni mwa korongo na kukata kona ya chini bila hata kuteleza. Dhamana alimsindikiza kwa macho mpaka alipoifikia barabara ya mjini, na ilibidi akiri kwamba yale yalikuwa matairi mazuri sana.