Gari la Bi Mumtaz Limeacha Kupumua

Taa ya injini ikiwaka kwenye gari la mtu, wengine huona taa. Shafii, fundi wa Chuno, mjini Mtwara, huona chakula cha mchana, na akibahatika, cha wiki nzima. Kwa hiyo Bi Mumtaz, mjane mwenye duka la vitambaa Mikindani, alipompigia simu kusema gari lake limewaka kitaa cha njano na anataka kuliuza, Shafii alivaa ovaroli lile lisilojua grisi, akakumbatia mashine yake ya kupimia, akapanda bodaboda.

Mfukoni alikuwa na milioni tatu ambazo si zake. Zilikuwa za mama mkwe wake, Bi Rehema wa Naliendele, aliyeuza korosho zake zote na kumkabidhi mkwewe pesa amnunulie mabati kabla mvua hazijaanza, maana makuti ya nyumba yake yalikuwa yameoza hadi mwezi unaonekana ndani. Shafii hakujihesabu mwizi. Alikuwa anaazima bila kumwambia mwenyewe, jambo aliloliona ni heshima tupu, kwani mkwe hasumbuliwi na maswali madogo madogo.

Gari lilikuwa dogo, jeupe, limeoshwa likang'aa, na ndani lilifukizwa udi. Akaunganisha mashine. Ikamwambia ukweli bila haya: hitilafu iko kwenye sakiti ya hita ya sensa ya oksijeni. Sensa hiyo hukaa kwenye bomba la moshi, ikiunusa moshi na kuiarifu kompyuta ya gari kama petroli imezidi au imepungua, na ina hita yake ndogo ya kuipasha ili inuse sawasawa. Shafii akaingia uvunguni na mita yake. Fyuzi nzima, lakini umeme haufiki kwenye hita. Akaufuata waya kwa vidole mpaka kwenye soketi, akaifungua, akakuta pini zimeota kutu ya kijani. Akazikwangua kwa kisu, akairudisha soketi, umeme ukafika. Kazi ya dakika kumi, na gharama yake ni jasho.

Fundi mwingine angejiuliza kutu ile imetoka wapi. Shafii hakuwa na nafasi ya kujiuliza, maana kichwani alishaliuza gari kwa milioni tisa, mabati yamenunuliwa, na chenji inamtosha kufungua gereji yenye lango. Akaichomoa soketi tena, akatoka uvunguni na uso wa mtu anayetoka mazikoni.

"Mama, una ndugu yeyote wa karibu hapa?"

"Kwa nini, fundi?"

"Habari kama hizi mtu hapewi akiwa peke yake."

Bi Mumtaz akavuta stuli, akakaa. "Niambie tu, baba. Nimeshazika mume, nitaweza."

"Injini imeacha kupumua. Oksijeni haiingii tena. Nimeisikiliza mwenyewe, mapafu yamekwisha."

"Maskini. Na ile taa ya njano?"

"Ile ndiyo roho inaaga."

Mjane akatikisa kichwa kwa huzuni iliyompendeza sana Shafii. "Sasa mzoga huu nitamuuzia nani?"

"Nitakusitiri mimi. Nitachukua vipuri viwili vitatu, mengine sadaka. Milioni mbili."

"Mpwa wangu Feroz aliniambia nisishuke chini ya tatu."

Shafii akalalamika kwa heshima, akajifuta jasho, akakubali tatu kama mtu anayekubali kuchomwa sindano. Ila jambo moja lilimkereketa. Kesho mama huyu angeliona gari likikata mitaa, angekuja na kelele. Kwa hiyo akamwomba waende kwa mwenyekiti wa mtaa wakaandikishane, na huko akaandika kwa mkono wake mwenyewe: kwamba yeye, fundi mzoefu, amelikagua gari lote, amelikuta bovu kabisa, analinunua hivyo hivyo lilivyo, na hakuna wa kumdai mwenzake lolote.

Bi Mumtaz akaomba asomewe mara mbili. "Lote, fundi? Umeandika lote?"

"Bampa hadi bampa, mama."

Basi akasaini, mwenyekiti akagonga muhuri, pesa ya mabati ikaingia kwenye pochi ya mjane. Shafii akarudi, akachomeka soketi, akafuta ile hitilafu kwenye mashine, na kitaa cha njano kikazimika. Akaondoka Mikindani akipiga mluzi.

Kabla hajafika mjini, vioo vilishuka vyenyewe. Kisha waipa zikaanza kufuta jua. Honi ikalia mfululizo, watu barabarani wakampisha wakidhani ana mgonjwa, na mwishowe dashibodi nzima ikawaka rangi zote na gari likazimika pale pale. Shafii akainua kapeti. Chini yake alikuta mchanga, chumvi iliyoganda, waya zote zilizoota kutu ya kijani, na kaa mdogo aliyekauka miguu juu.

Alirudi Mikindani kwa bodaboda, amefura. Bi Mumtaz alikuwa akipima kitambaa, hata hakusimamisha mkono.

"Mama, hili gari limezama."

"Ndiyo. Feroz aliliacha ukingoni mwa mto, kule Kilambo, bila hendibreki, akaenda kula samaki. Maji ya bahari yakajaa. Lilishinda mtoni kutwa nzima."

"Na hukuniambia."

"Uliniambia injini imekufa, nikaona umeshajua." Akakata kitambaa. "Mwanangu, fundi mkweli angeinua kapeti, angenionea huruma, na gari lingebaki kwangu. Kwa hiyo kabla ya kukupigia niliulizia nani fundi mwongo kuliko wote Mtwara. Niliuliza watu saba. Wote wakakutaja wewe, na wawili wakanipa namba yako."

Shafii akakimbilia kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akamsomea mwandiko wake mwenyewe, taratibu, akamsifu kwa herufi nzuri.

Jumamosi Bi Rehema akashuka Chuno na mkeka na kuku watatu. "Shikamoo mama," Shafii akasema. "Marahaba mwanangu. Mabati?" Shafii akafungua mdomo. Yeye aliyeipa injini mapafu hakupata hata neno moja la uongo la kumwambia mkwewe usoni. Akasema yote, mpaka yule kaa.

"Basi," akasema Bi Rehema. "Nitakaa hapa mpaka yapatikane."

Chumba kilikuwa kimoja, na mkwe halali chumba kimoja na mkwe. Saida, mke wa Shafii, akampa mumewe mto, akamwonyesha gari lililokokotwa hadi uani. Tangu siku hiyo Shafii analala humo, na akiulizwa anasema anaichunguza injini.

Mchana mama mkwe huweka mkeka kando ya gereji. Mteja akileta gari, Shafii hupima, hukunja uso, huvuta pumzi ya msiba, na kabla hajaanza, sauti ya upole husikika mkekani: "Mwambie ukweli, mwanangu." Basi humwambia ni soketi tu, elfu tano, na hiyo elfu tano huishia kwenye fundo la kanga ya Bi Rehema. Kinachomuuma Shafii kuliko yote ni kwamba wateja wameongezeka.