Majira ya Joto Hayapo Masoko

Masoko, Rungwe
Mwishoni mwa Septemba

Ndugu Mhariri wa Vitabu vya Vijana,

Salamu kutoka kwenye ukungu. Mimi ni Andongwisye, mkulima wa ndizi na maparachichi, mzee wa kanisa, baba wa mabinti walioolewa wote na mtoto mmoja wa kiume, Anyitike, ambaye hadi mwezi wa sita alikuwa na akili. Alimaliza kidato cha sita vizuri, ameitwa chuo Morogoro akasomee kilimo, na mwezi ujao anatakiwa kuripoti. Sasa anasema haendi. Sababu ni kitabu chenu, Mvua ya Mwisho Kabla ya Chuo, kilichoingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi. Nimekisoma chote, tena nikakirudia, nisije nikaambiwa nalaumu nisichokijua. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mmeandika kwamba mapenzi yale yalichanua "majira ya joto", mwezi wa saba, kando ya ziwa letu la Masoko. Majira hayo mmeyatoa wapi? Mwezi wa saba huku mtu mwenye akili timamu anaoga maji ya moto na kulala na soksi. Binti wa kitabuni anakaa kando ya ziwa na kigauni chepesi mpaka giza linaingia, anahesabu nyota, wala hapigi chafya. Nyota zenyewe ziko juu ya ukungu, sisi tunazisikia tu kwa wageni.

2. Katika kitabu kizima hakuna mtu anayefanya kazi. Kijana anatoka kwa wazazi wenye shamba, lakini shamba hilo halioti magugu, ng'ombe hawaoni njaa, na ndizi zinajikata na kujibeba zenyewe hadi sokoni. Mikono yake, mnasema, "ilinukia mvua". Yangu inanuka samadi, na ndiyo iliyosomesha watoto. Anyitike alipofika ukurasa huo aliweka jembe chini. Maparachichi yakaanza kudondoka, na lililodondoka mnunuzi halitaki hata umpigie magoti.

3. Hili ndilo linaloniuma. Tulia ni binti wa jirani yangu Jairo, kalelewa na bibi yake huko kijiji cha Kisondela, na anajiandaa kuingia chuo cha uuguzi hapa hapa wilayani. Alikuwa mtoto wa mfano. Akinikuta njiani alitua mzigo, akapiga goti, akaniamkia, tukaulizana habari za nyumbani hadi mvua ikatutawanya. Kisha Anyitike akamwazima kitabu chenu. Tangu hapo akiniona kwa mbali anaacha njia na kuzama migombani, hata kama kumelowa, na anabaki humo kanipa mgongo mpaka nipite. Nikiingia kwa Jairo kwa mlango wa mbele, yeye anatokea wa nyuma. Jumapili ya mavuno alipewa kazi ya kusoma majina ya waliotoa. Akawataja wote, hadi Prosper aliyeleta boga moja, tena limeoza upande. Alipofika kwangu akainamisha kichwa na kusema, na yule mwenye bati jekundu karibu na bomba. Mimi! Nimekaa benchi la mbele na suti yangu, watu wanageuka dirishani kuangalia paa. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, lakini huyu alikuwa ameshakunjwa vizuri. Ninyi ndio mliomnyoosha.

4. Mwisho wa kitabu ni aibu. Wapenzi wanaachana stendi ya Tukuyu, na mwandishi anatuambia mapenzi ya namna hiyo hayakuumbwa kuvuka msimu. Kumbe ni mboga ya maboga? Anyitike alilia hapo, nikamsikia kupitia ukutani. Asubuhi akatangaza kwamba yeye hatakuwa kama yule mpumbavu wa kitabuni, atabaki hapa hapa alipo Tulia. Nilipomuuliza atabaki akifanya nini, akasema, baba, huelewi. Ndugu Mhariri, naelewa, na ninaogopa. Ninaogopa mwanangu atazeeka hapa akitazama ziwa, na siku moja atanichukia kwa kumwacha akae.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kitabu kiondolewe madukani. Nakala zilizobaki tuleteeni sisi, kuni zetu zimelowa. Mwandishi naye aje kwangu mwezi wa saba mmoja, achume maparachichi na kigauni chepesi. Kisha litoke toleo jipya ambamo kijana anapanda basi mapema na binti anaamkia wazee.

Nisalimie wachapaji, mlinzi wa getini, na hata mwandishi, ingawa hastahili. Mke wangu Esnath naye anawasalimu, japo bado hajui nimeandika nini.

Wako katika kulinda maadili na maparachichi,

Andongwisye
(mwenye bati jekundu)

Nyongeza: Nilimsomea Esnath barua hii kabla ya kuifunga. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaniuliza kama nimesahau ni nani mwingine aliyekuwa akizama migombani kila mzee mmoja alipopita, na kukataa kutaja jina lake. Ni yeye mwenyewe, alivyomkwepa marehemu baba yangu tangu siku niliyomposa. Ndivyo mkamwana anavyomheshimu baba mkwe kwetu Wanyakyusa: hapishani naye, hamtazami, hatamki jina lake. Bibi wa Kisondela kamfundisha Tulia yote, na kumbe wawili hawa wameshaahidiana. Mimi nimeozesha mabinti tu, hakuna mkamwana aliyewahi kunikwepa, nikaona ni dharau. Usilolijua ni kama usiku wa kiza.

Esnath anasema Tulia ameshamwambia Anyitike kwamba yeye hatalowa migombani kwa ajili ya baba wa mtu aliyekataa chuo. Kijana anafungasha.

Jana nilimwona Tulia anakuja na ndoo ya maji kichwani. Nikawahi mimi kuingia migombani, nikampa mgongo ili apite njia kavu. Nimelowa hadi magotini na sina malalamiko.

Kitabu kiacheni madukani. Ila yule binti wa ziwani mvalisheni sweta. Mkamwana wangu anakisoma, na huku ni baridi.