Ombi la Handaki Kuongezewa Kufuli

Kwa Bwana Renfroe, mmiliki wa uwanja wetu wa nyumba za kuhamishika, Alabama.

Bwana,

Natumaini barua hii inakukuta salama katika nyumba yako ya matofali. Mimi ni Verlene Stallworth wa namba 14, mjane wa Hoyt tangu kimbunga cha Machi. Nina malalamiko machache, na yote ni dhidi ya kimbunga.

1. Kilikuja Jumatano saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, ilhali ofisi hufungwa saa kumi na moja. Kanuni yako iko wazi: anayetaka kuingia katika handaki la kujikinga na vimbunga achukue ufunguo ofisini na kusaini daftari. Hoyt alisikia tahadhari redioni akanigeukia: "Verlene, vaa viatu. Usicheke, mama, kesho kutakuwa na misumari kila mahali." Kisha akaenda kubisha ofisini, labda meneja bado yupo. Alikuwa mtu wa taratibu. Hata peremende za mfukoni mwa shati alikula moja kwa siku. Ofisi nayo ni nyumba ya kuhamishika. Iliondoka naye. Mimi nilikuwa nimelala mtaroni, na viatu vyangu.

2. Baada ya mazishi, meneja wako, Bwana Gaither, alinieleza: "Bibi, tukiliacha wazi halafu mtu ateleze ngazini, bima watatula wazimawazima." Nimeelewa. Bima yako inaturuhusu kufa popote isipokuwa kwenye ngazi.

3. Kimbunga hakikuheshimu mikanda ya chuma inayofunga nyumba zetu ardhini. Mkaguzi wa bima alitaka picha ya mikanda ya kila nyumba, na Bwana Gaither akapiga picha ishirini, moja kwa kila nyumba, zote za mikanda ya namba 3, ambayo ni mizuri kweli. Namba 3 bado ipo. Kwenye picha, sote tupo.

4. Kwa hiyo naomba handaki liongezewe kufuli la pili, na ukuta mbele ya mlango. Lina miaka sita na halina hata mkwaruzo. Tukianza kulitumia litachakaa. Ikibidi, tuondoe wapangaji wote, maana hatari iliyobaki hapa ni sisi.

Wasalimie mkeo na Bwana Gaither, na mkaguzi pia, hasa mkaguzi.

Ni mimi, mpangaji wako msikivu,
Verlene Stallworth

Tanbihi: Jana mchana tahadhari ya kimbunga kingine ilipotoka, nilivunja kufuli la handaki kwa nyundo. Tuliingia watu thelathini na mmoja na paka mmoja. Watoto walilalamikia joto hadi upepo ulipopita. Ukileta kufuli jipya, hilo nalo nitalivunja.