Kiti cha Dirishani na Kitu cha Tatu

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Ijumaa mkutubi anagawa viti vya mwezi hapa maktabani. Cha dirishani lazima kiwe changu. Kwingine macho yangu hayaoni maandishi, nitabaki kutazama picha. Mpinzani wangu ni Mpima Ardhi mstaafu. Anaona vizuri kabisa, anakitaka kwa ajili ya upepo tu!

Mbinu: sifa. Nimemsifu mkutubi kwa mpangilio wa rafu. Akanuna.

Nimempigia mjukuu wangu anayesomea saikolojia. Akasema sifa haifanyi kazi sawasawa kwa watu wote na nyakati zote. Katika utafiti hutafutwa kitu cha tatu, kinachoipa sababu nguvu au kuipunguzia. Nikamweleza yaleyale, kwa ufasaha zaidi. Dakika arobaini. Akasema chaji imeisha.

Jumanne, tarehe 5
Kitu cha tatu ni njaa, bila shaka. Nimemsifu mkutubi baada ya chakula cha mchana. Alisinzia nikiwa kwenye hoja ya pili.

Jumatano, tarehe 6
Basi nimejaribu asubuhi, na chai mkononi. Chai imemwagikia daftari la wasomaji. Nikiwa napangusa huku naeleza, Mpima Ardhi akapita, akamwambia mkutubi kwamba leo panapendeza, akaenda zake. Mkutubi akatabasamu mpaka jioni. Kwa maneno mawili!

Tofauti yetu ni nini? Umri mmoja. Sifa zangu ni bora. Yeye huvaa kofia, mimi sivai. Nimeandika: kofia.

Alhamisi, tarehe 7
Nimeazima kofia ya shemeji. Nimemsifu mkutubi, kisha, kwa uaminifu wa kitafiti, nikamfafanulia kila sifa, shabaha yake, na habari yote ya kitu cha tatu. Akafunga daftari taratibu.

“Babu, mwenzako anasifu, ananyamaza. Wewe unasifu, halafu unafundisha. Hicho kitu chako cha tatu ni mdomo.”

Akaniahidi: kesho nikikaa kimya hadi adhuhuri, kiti ni changu. Mpima Ardhi amekubali, kwa uungwana wa kuudhi.

Ijumaa, tarehe 8
Nimeelewa. Nilifika mapema, nikaketi dirishani. Herufi zote zilionekana, hata za tanbihi. Kimya kabisa, dakika sita. Kisha nikaona si haki mkutubi asijue kwa nini nimenyamaza. Nikamsomea maelezo niliyoyaandaa, kurasa kumi na moja. Alinizuia kwenye utangulizi.

Naandika haya kwenye kiti nilichopewa, nyuma ya kabati la ramani, mistari naikisia. Kosa nimeliona: Ijumaa. Watu huwa wamechoka na wiki. Jumatatu nitamweleza upya, tangu mwanzo.