Giga Mia na Ishirini za Radio ya Nyabiondo

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Kazi kubwa leo. Kompyuta ya radio yetu hapa Nyabiondo ina diski mbili: ndogo ya zamani, iliyojaa, na kubwa. Nimeweka programu inayounganisha dosie zote, yaani mafolda yote, za diski hizo zionekane kama dosie moja. Ya diski ndogo ni moja. Za kubwa ni tatu: nyimbo, habari, sauti za wazee. Papa Ladislas, mkurugenzi wetu, sasa anafungua mahali pamoja tu na kukuta kila kitu.

Tena jambo la ajabu. Jana nafasi tupu ilikuwa giga arobaini. Leo skrini inasema mia na ishirini. Nimemwambia Papa Ladislas kwamba hayo ni matunda ya ufundi wangu. Amefurahi sana. Anatafuta mkuu wa ufundi, na nadhani hataenda kutafuta mbali.

Bénédicte, msomaji wetu wa habari, anaitaka kazi hiyo pia. Ameuliza nafasi imetoka wapi wakati hatukununua diski. Kisha ameandika hesabu kwenye daftari lake. Wivu.

Jumanne, tarehe 4

Nimeingiza mechi zangu za mpira, misimu mitatu. Giga thelathini na moja. Dosie nimeipa jina "Mafunzo". Nilitegemea zibaki themanini na tisa. Skrini inasema ishirini na saba. Kumbe mpira ni mzito.

Mchana nimetangaza hewani kwamba mzee yeyote mwenye habari za zamani aje tumrekodi, sauti na picha, bila kumkata. Sikumuuliza Papa Ladislas. Mkuu wa ufundi haombi ruhusa kwa kila kitu.

Jumatano, tarehe 5

Wamekuja wazee saba. Papa Hakorimana ameeleza mipaka ya shamba lake la maharagwe kwa saa nzima, akitaja kila jirani. Rekodi zote pamoja ni giga nane. Skrini imeshuka kutoka ishirini na saba hadi tatu. Wazee nao ni wazito. Bénédicte ameandika tena.

Alhamisi, tarehe 6

Siku mbaya.

Amekuja Mama Murekatete kutoka Bihambwe, kwa pikipiki, nyuma ya mjukuu wake Gakwaya. Umri wake unakaribia miaka themanini. Ameuza maziwa maisha yake yote. Anajua sifa ambazo baba yake alikuwa akiwaimbia ng'ombe zake, kila ng'ombe na maneno yake. Katika ukoo wao hakuna mwingine anayezijua. Gakwaya anajua mbili tu, na anazichanganya. Jumamosi bibi anakwenda Goma kwa binti yake, apasuliwe macho. Anasema kwa umri wake hawezi kuahidi kurudi.

Rekodi yake ilihitaji giga mbili. Skrini ilionyesha tatu. Nikaanza.

Aliketi wima, akainua mikono kama pembe. Katikati ya maneno yake, mashini ikasimama. Diski imejaa.

Sikumsimamisha. Ningependa kuandika kwamba nilishindwa. Ukweli ni kwamba niliona haya. Aliendelea hadi mwisho mbele ya kamera isiyochukua kitu. Kisha akaniambia, "Mutoto wangu, niwekee Gaju nimusikie." Gaju ni ng'ombe wa mwisho. Nikamjibu kwamba mashini lazima ipoe kwanza. Gakwaya akanitazama sana. Watalala kwa ndugu zao hapa hapa.

Ijumaa, tarehe 7

Mpango wangu wa asubuhi: kusema maikrofoni imeharibika. Nilikuwa nalegeza waya wake Bénédicte alipoingia na daftari.

Kwa hesabu zake, Jumanne niliingiza thelathini na moja, nafasi ikapungua tisini na tatu. Jumatano niliingiza nane, ikapungua ishirini na nne. Kila mara, mara tatu. Akauliza diski kubwa ina dosie ngapi. Nikahesabu: tatu.

"Kaka Sylvain, diski iko moja. Weye unaihesabu mara tatu."

Ndivyo ilivyokuwa. Programu inauliza kila dosie: diski yako ina nafasi gani? Kisha inajumlisha majibu. Dosie tatu zimejibu kwa niaba ya diski moja. Nimefungua mistari ya programu na kuongeza swali la kwanza: unakaa kwenye diski gani? Kama diski hiyo imeshahesabiwa, pita. Ilikataa hadi saa nane, kwa sababu ya mkato mmoja niliousahau. Ni Bénédicte aliyeuona.

Tukaiwasha. Nafasi tupu: sifuri. Papa Ladislas akauliza kama huko ndiko kutengeneza. Bénédicte akasema ndiyo, sasa inasema kweli. Kisha akaomba kuona hayo "Mafunzo".

Nimefuta misimu yote mitatu. Skrini ikasema thelathini na moja. Nilitoa thelathini na moja, nikapata thelathini na moja.

Jioni nimekwenda kwa Mama Murekatete na kumweleza yote. Nilingojea matusi. Akacheka hadi akafuta macho. "Nilisikia mashini imenyamaza," akasema. "Nikafikiri iko na heshima."

Jumamosi, tarehe 8

Amesema zote. Dakika hamsini. Skrini imeshuka kwa giga mbili tu. Sifa za Gaju zilikuwa ndefu kuliko za Alhamisi. Gakwaya anasema bibi ameongeza. Bénédicte alisahau kuandika chochote. Tulipomwekea rekodi, bibi aliisikiliza akiwa amefumba macho, mara moja akaisahihisha sauti yake mwenyewe. Kisha akafunga kitenge vizuri na kupanda pikipiki. Gakwaya amebeba nakala kwenye kadi ya simu, ndani ya soksi.

Papa Ladislas amemchagua Bénédicte kuwa mkuu wa ufundi. Nimempa mkono. Imeniuma kidogo kuliko nilivyotegemea.

Jumatatu, tarehe 10

Wazo zuri sana. Nimeunganisha betri nne za zamani kwenye sola ya radio. Kipimo kinaonyesha zimejaa kabisa, asilimia mia. Nimeshamwahidi Mama Solange kwamba Jumapili tutawasha taa na vipaza sauti vya harusi ya mwanawe, kutwa nzima. Bénédicte ameuliza kama nimepima kila betri peke yake. Ni dada mwema, lakini anapenda kuchelewesha kazi za watu.