Si Kweli Kwamba Mikate Yetu Ina Mende

Jumatatu, 4 Machi

Baba amepiga simu. Jumapili anakuja hapa kwa dada, kikao cha familia. Jambo ni moja: mdogo wangu amekubaliwa chuoni kusoma masomo ya habari, kama mimi. Baba hajui amlipie ada au ampeleke akasome uhasibu. Anasema ataamua kwa kuniangalia mimi.

Nimejiangalia kwenye kioo. Mhitimu, shahada ya kwanza, miaka mitatu kwenye kochi la shemeji. Hali si nzuri.

Mdogo wangu alinifuata jikoni, akaniomba kwa upole nisifanye chochote. Nivae tu shati safi, nikae, yeye atajieleza mwenyewe. Maskini, hajui anavyojiponza. Nimeamua kumwokoa.

Jumanne, 5 Machi

Mpango: nipate cheo kabla ya Jumapili.

Shemeji ana kiwanda kidogo cha mikate, na duka lake limetazama barabara. Hana msemaji. Nilimkuta ana unga mpaka kwenye nyusi, nikamweleza kwamba kila taasisi makini ina msemaji. Akauliza huyo msemaji atasema nini. Nikamwambia atasema wakati wa matatizo. Akasema hana matatizo, mikate inaisha kabla ya saa nne asubuhi. Akarudi kwenye oveni yake.

Hapo ndipo penye kazi. Mtu asiye na matatizo haoni thamani ya shahada.

Njiani nikakutana na Kipaza, tuliyesoma naye darasa moja. Yeye anatangaza mabasi kituoni: basi la saa tisa limefika, wenye mizigo sogeeni. Ana sare, tena ana kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Akaniuliza siku hizi niko wapi. Nikamwambia niko kwenye mawasiliano ya kimkakati. Akasema ahaa, bado kwenye kochi. Watu wengine hawana haya.

Jumatano, 6 Machi

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Mwaka wa pili tulifundishwa kwamba uvumi uzimwe kabla haujasambaa. Mimi nimekwenda mbali zaidi. Nimeuzima kabla haujazaliwa!

Shemeji alikuwa amekwenda kununua unga. Nikabandika tangazo kwenye kioo cha duka: "TAARIFA KWA UMMA. Si kweli kwamba mikate yetu ina MENDE. Puuzeni." Neno muhimu nimelikoleza kwa wino mwekundu, kama tulivyofundishwa. Chini nikaandika: Msemaji.

Kisha nikajishusha, nikaenda kumwomba Kipaza alisome kituoni. Alikubali haraka mno. Alilisoma mara kadhaa katikati ya mabasi, kwa ile sauti yake ya redio. Anasoma vizuri, siwezi kumnyima. Alikuwa akitulia kidogo kabla ya neno mende.

Alhamisi, 7 Machi

Kumbe ukisimama ng'ambo ya barabara, tangazo langu linasomeka neno moja tu.

Mama mmoja, mteja wa kila siku, aliingia akauliza kama mende wameshatoka. Nikamwambia hawakuwahi kuwepo. Akauliza sasa mbona mmeandika. Nikamweleza nadharia yote, tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akavuka barabara kununua biskuti.

Mchana bwana afya akaja. Alifungua magunia, akapekua rafu, akalala kifudifudi kuchungulia chini ya oveni. Hakukuta kitu. Akajikung'uta, akaaga. Ushindi! Hapo hapo nikaandika tangazo la pili: "Bwana afya amekagua, hakukuta mende hata mmoja aliye hai." Nilitaka taarifa iwe sahihi kabisa.

Hilo Kipaza alilisoma bila hata kuombwa.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi mkate. Mchana mkate. Jioni mkate. Dada anaukata na kuuweka mezani bila kuniangalia.

Shemeji hakufoka. Alivuta kiti akaketi mbele yangu, akasema taratibu kwamba kiwanda kile alikianza na oveni moja ya kuazima. Akasema wale kina mama wawili wanaokanda unga wamemuuliza kama waje wiki ijayo. Nilijisikia vibaya sana. Afadhali angefoka tu.

Mdogo wangu akaniuliza kama yote haya ni kwa ajili yake. Nikamwambia ndiyo. Alifumba macho, akaenda zake chumbani.

Jumamosi, 9 Machi

Hatua ya mwisho: umma ujionee wenyewe.

Nilivaa tai, nikasimama kwenye ngazi za duka na mkate mzima mkononi. Nikatangaza kwamba nitaula mbele ya kila mtu. Watu walijaa. Kipaza alikuja na spika ya mkononi, eti kuniunga mkono.

Nilichosahau ni kwamba tangu jana sijala kitu kingine. Koo lilikuwa limechoka na mkate. Tonge la pili likakwama. Nikakohoa, macho yakanitoka, nikajishika shingo.

Kipaza akainua spika yake. "Ndugu abiria," akasema, "amempata."

Mdogo wangu ndiye aliyenivuta ndani kwa tai, akanipa maji. Kisha akatoka nje. Alibandua matangazo yote mawili. Akafungua ule mlango wa nyuma ya kaunta, ambao siku zote hufungwa, watu wakaona oveni, meza iliyosuguliwa, na kina mama wakikanda. Hakusema neno. Nikamwonya kwamba kukaa kimya si mkakati. Watu wakaanza kusogea, mmoja mmoja, wakichungulia. Mpaka jioni rafu zilikuwa zimebaki na mikate michache tu. Bahati yake.

Jumapili, 10 Machi

Kikao. Baba alikaa kwenye kochi langu.

Shemeji alisimulia wiki nzima bila kutia chumvi. Haikuhitaji chumvi. Baba alinitazama kwa muda mrefu, halafu akamgeukia mdogo wangu, akamwambia ameona kwa macho yake, basi ni uhasibu. Nilimwona mdogo wangu anang'ang'ania ukingo wa meza. Moyo uliniuma kweli. Nikafungua mdomo nimtetee, dada akanitia kipande cha mkate.

Mdogo wangu akasema mwenyewe:

"Baba, karatasi moja tu imefukuza wateja ambao shemeji amewatafuta miaka yote hii. Kaka hakuiba, hakumpiga mtu, ameandika tu. Sasa kitu chenye nguvu hivyo, familia hii mtamwachia kaka peke yake?"

Shemeji ndiye aliyeanza kucheka, dada akafuata, mwishowe Baba mwenyewe akafuta machozi kwa leso. Uamuzi: mdogo wangu aende chuo, ada italipwa. Sharti ni moja, mimi nisimsaidie kusoma.

Na mimi nimepata ajira. Kukanda unga kwa shemeji, kuanzia kesho alfajiri, mdomo ukiwa umefungwa.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya kwanza kazini. Mikono inauma lakini akili imetulia, na nimetafakari.

Bila mimi mdogo wangu angekosa hoja. Kikao kilikuwa kinazama, kazi yangu ndiyo iliyokiokoa. Kwa hiyo thamani ya shahada imethibitishwa, tena mbele ya mashahidi. Yeye asubuhi alinikumbatia kwa furaha. Ama ananishukuru, ama anafurahi kwamba chuo kiko mbali. Sikumuuliza.

Wateja wamerudi. Kina mama wanaimba wakikanda. Hakuna anayetaja mende. Hakuna anayetaja chochote kabisa, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Ukimya wa namna hii mwaka wa pili tulifundishwa kuuogopa.

Shemeji amekwenda kununua unga. Nimejifuta mikono, nimeutafuta ule wino mwekundu.

"TAARIFA KWA UMMA. Si kweli kwamba msemaji wetu ameondolewa kwa sababu ya PANYA."

Kipaza amesema atalisoma baada ya basi la saa tisa.