Bomba la Msamala Laimbwa Duniani

Jumatatu, 2 Septemba

Nimepata wazo. La kimataifa!

Nilikuwa kwa Anselmo, fundi simu wa hapa Msamala, nikibadilishiwa kioo. Naenda kwake kwa sababu ndiye fundi wa karibu, si kwa mapenzi. Anselmo anaitaka kazi yangu. Mimi ndiye msimamizi wa bomba la mtaa. Nashika ufunguo wa kofuli, nafungua, nafunga, watu wanateka maji na kunishukuru kimoyomoyo. Jumapili ya tarehe kumi na tano kuna mkutano wa mtaa wa kuamua kama niendelee. Eti kuamua! Kama vile bomba linajifungua lenyewe.

Malalamiko ni ya kitoto. Eti nachelewa kufungua. Nachelewa kwa sababu asubuhi Songea kuna baridi na mimi nina kifua. Eti mchana nafunga. Mchana nalala, kama binadamu yeyote. Eti naanza kumwagilia mchicha wangu kabla ya foleni. Mchicha hauwezi kupanga foleni, hauna miguu.

Basi Anselmo alikuwa anasikiliza redio moja ya nje, idhaa yake ya Kiswahili, kwa mtandao, kwa sauti kubwa, ili tujue ana bando. Mtangazaji anaomba wasikilizaji wa dunia nzima wapendekeze nyimbo za siasa na za kupinga dhuluma. Watu wanatuma kutoka kila bara. Zitakazochaguliwa zitapigwa Jumamosi ya tarehe kumi na nne, na kila moja itaelezwa inapinga nini.

Jumamosi redioni, Jumapili mkutanoni. Nani atamnyang'anya ufunguo mtu ambaye jana yake tu dunia nzima imesikia wimbo wake? Nimetoka mbio hata kioo sikukisubiri. Anselmo ameniuliza naharakishia wapi. Nimemjibu naharakishia historia.

Jumatano, 4 Septemba

Nimetunga. Beti nne za moto! Wa kwanza unapinga ofisi zinazotuahidi bomba la pili kila mwaka. Wa pili unapinga mafundi wanaotengeneza vitu vikaharibika zaidi (sikutaja jina, ila nimetaja kioo). Wa tatu unapinga wenye matangi makubwa kule Mjimwema. Wa nne unapinga jua.

Mpinzani mwenye adabu huomba ruhusa. Nimekwenda kwa Zuhra, mtendaji wa mtaa, binti aliyeletwa na serikali kutoka Tanga. Kanipa shikamoo vizuri kabisa, kisha kafuta ubeti wa kwanza wote. Kasema ofisi yake haijawahi kuahidi, ilieleza tu. Wa tatu kafuta pia, maana bosi wake anakaa Mjimwema. Nilipofika kwa Anselmo kuchukua simu, naye akasoma. Akasema ubeti wa pili ukitoka, kioo changu hakitoki. Nimeufuta mwenyewe.

Nimerudi kwa Zuhra na kilichobaki: jua, na kiitikio kisemacho maji, maji. Akakuna kichwa. Akanikumbusha kwamba katika mji huu wazee wetu walishawahi kuingia vitani na neno hilo mdomoni, na yeye asingependa liimbwe na kundi la watu karibu na ofisi yake. Akaniomba niseme maji mara moja tu, tena kwa upole.

Kwa hiyo wimbo wangu wa kupinga sasa unalilaumu jua, na una maji mara moja. Umepita kila mahali. Hakuna hata mtu mmoja aliyeudhika. Huo ndio uongozi.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimejirekodi kwa simu. Nimejisikiliza. Sauti yangu si ya dunia.

Hapo nikamkumbuka mke wangu. Brigita ni Mnyasa wa Liuli, na yeye na wenzake wana kikundi cha kioda, ngoma ya wanawake wa kwao Nyasa. Jumapili baada ya ibada wanavaa magauni meupe, wanajifunga vitambaa, ngoma zinalia, wanazunguka kwa madaha mpaka vumbi linaona aibu kutimka. Hiyo ndiyo sauti! Wazungu watalia.

Nimemwambia Brigita kwamba nawapa nafasi ya kwenda duniani. Waimbe habari ya maji, kwa Kinyasa, kwa maneno yao, ili kusiwe na mtu wa ofisini wa kufuta. Wamtaje na msimamizi, kwa heshima. Brigita alikuwa anachambua usipa, dagaa wa kwao ziwani. Akaacha. Akaniuliza kama kweli nataka waimbe habari ya maji na msimamizi wake. Nikasema ndiyo, tena wasinibanie. Akaniuliza tena. Nikamwambia asiwe mzito wa kuelewa.

Amekwenda kwa mama yake mdogo, Epifania, ambaye ndiye mwimbishaji. Amekaa huko mpaka usipa umepikwa na mimi. Nimefurahi kuona wanalichukulia jambo kwa uzito.

Kuhusu Kinyasa sina wasiwasi. Nimeoa Liuli tangu ujana wangu. Mimi ni Mngoni, lakini ukweni nilisema siku ya kwanza kwamba nakielewa chote, na tangu hapo wakicheka nacheka, wakiguna naguna. Hakuna aliyewahi kunikamata. Katika misiba nimeguna vizuri kuliko wafiwa.

Jumapili, 8 Septemba

Siku tukufu! Tumerekodi palepale bombani. Anselmo amekuja na kinasa sauti chake bila kubembelezwa. Nilishangaa. Mama yake ni Mnyasa wa Mbamba Bay, na nilidhani ataona wivu. Badala yake alikuwa anatabasamu tangu anashuka kwenye pikipiki.

Mtaa mzima ulijaa. Epifania alianza peke yake, sauti nyembamba, halafu wenzake wakapokea. Nilisimama katikati nimevaa koti. Kila nilipolisikia jina langu, Osmund, niliinua mkono. Nililisikia mara nyingi! Watu walipiga vigelegele. Ubeti mmoja ulikuwa na neno la mchicha, hilo nililitambua bila shida. Nikaona hawa wanawake wana macho, wamesifu mpaka kilimo changu.

Ubeti wa mwisho aliuimba Brigita. Polepole. Hakuniangalia. Wanawake waliacha kucheka, na Epifania alifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Nami nikaguswa. Nikaguna. Kisha nikaingia ndani ya duara kuwatuza, mmoja mmoja, na nikacheza nao mzunguko mzima nikiitikia kiitikio kwa nguvu zote. Kwa desturi anayeimbwa kwenye kioda hajibu neno, akijibu anaongezewa ubeti. Mimi sikujibu tu. Niliitikia!

Anselmo alikaa chini kabisa kwa kicheko. Nimemuuliza kulikoni. Akasema ni furaha ya sanaa. Kumbe ana moyo.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimeutuma. Redio inataka kila mpendekezaji aseme kwa nini amechagua wimbo wake. Nimeandika kwamba huu ni wimbo wa wanawake wa Songea wanaopinga mateso ya maji na kumweleza bila kuficha msimamizi wao. Nimesema kila neno ndani yake ni kweli tupu na mimi ni shahidi.

Jioni sikufungua bomba. Nilikuwa nasubiri jibu.

Alhamisi, 12 Septemba

Umechaguliwa! Umechaguliwa! Watu wa huko nje wamesema wana mtafsiri, mwalimu mmoja Mnyasa anayeishi kwao, na ameusikiliza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alicheka sana. Sikuelewa cha kuchekesha kiko wapi, lakini walimu ndivyo walivyo.

Nimetangaza mtaa mzima. Nimemwomba Zuhra atoe spika ya ofisi. Amekubali haraka, maana sasa ofisi yake imeanza kusema wimbo huo uliratibiwa na yeye. Kwa mkutano wa Jumapili nimeandaa hotuba ya kukubali kuendelea. Ina sehemu mbili za unyenyekevu.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika nikiwa chumbani. Nimefunga mlango.

Spika iliwekwa bombani. Zilipigwa nyimbo za watu wengine kwanza. Mmoja wa wachimba madini, mmoja wa wanafunzi, mmoja wa akina mama waliopotelewa na wana. Nzito nzito. Kisha mtangazaji akasema Songea, na watu wakapiga kelele, na mimi nikavua kofia.

Ukapigwa. Halafu yule mwalimu akaanza kutafsiri. Kwa Kiswahili! Safi, cha darasani, ubeti kwa ubeti.

Ubeti wa kwanza: Osmund amelala na ufunguo, sisi tumelala na ndoo. Wa pili: mchicha wa Osmund umenona, watoto wetu wamekwenda shule hawajanawa uso. Wa tatu sitauandika. Unahusu koti langu. Kiitikio, kile nilichokiitikia kwa nguvu zote, kinasema mtoeni huyu, mtoeni leo. Mwalimu akaongeza kwamba kuna sauti moja ya mwanamume inayoimba kwa uchungu kuliko wote, na bila shaka huyo ndiye aliyeumizwa zaidi na msimamizi.

Mtaa ulicheka mpaka spika haikusikika. Anselmo alikuwa ameshikilia nguzo.

Kisha ukafika ubeti wa Brigita, na kicheko kikaisha. Nikaelewa siku ile walinyamaza kwa nini. Anasema: ndoo yangu haijawahi kukosa maji, mimi ni mke wa msimamizi, lakini nikipita na ndoo imejaa wenzangu wananiangalia, na ndoo hiyo ni nzito kuliko zote.

Nimeumia. Naandika tu kama ilivyo. Nimeumia sana.

Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Alikuwa anakunja gauni lake jeupe. Amesema ameniambia kwa Kiswahili tangu mvua zilipokatika, mezani, kitandani, njiani kwenda kanisani. Kila mara nilisema nimeelewa. Ndiyo maana nilipomwomba aimbe, aliniuliza mara mbili. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kumjibu.

Jumapili, 15 Septemba

Mkutano umekwisha upesi kuliko salamu. Hotuba yangu haikuhitajika. Zuhra aliuliza nani anataka msimamizi abadilishwe, ikanyanyuka mikono, hata ya watu wa mtaa wa pili. Anselmo alishatoka mbele, shati limepigwa pasi, kupokea ufunguo. Wanawake wakampita kama hawamwoni na kumpa Epifania. Nilimwangalia Anselmo uso ulivyomshuka. Hiyo ndiyo baraka pekee ya siku hii na nimeipokea.

Jumatano, 18 Septemba

Bomba linafunguliwa alfajiri. Hakuna foleni. Hakuna ugomvi. Mchicha wangu umeanza kulegea, lakini hilo nani atalitungia wimbo?

Leo redio imeandika. Wasikilizaji wameupenda mno, wanataka wimbo wa pili kutoka kikundi kilekile. Nimempelekea Epifania habari hizo. Kasema hawana la kuimba, maji yanatoka. Unaona hasara hiyo? Kundi la sanaa linakufa kwa kushiba! Hakuna anayejiuliza wimbo ule ulitoka wapi. Nani alifunga bomba? Nani alilala? Hata kuutuma, nani alituma? Pasipo mimi wangekuwa wanateka maji tu kimya kimya, hawajulikani hata Mbinga.

Jambo jema ni kwamba mashine ya kukoboa ya mtaa imekosa mshika funguo. Nimeomba. Zuhra hakuwa na mwingine. Nimeshaanza leo, nikafunga mchana nikalala.

Jumapili, 22 Septemba

Brigita ameanza kuongea nami kama zamani, na nilikuwa nimeyakosa maongezi yake kuliko nilivyodhani. Leo baada ya ibada kikundi kimecheza mbele ya mashine. Wimbo mpya kabisa! Wa haraka, wa kuchangamsha, na jina langu limo, tena limetiwa kwenye kiitikio. Watu waliokuja na mahindi yao tangu Ijumaa walicheza sana.

Safari hii sikukurupuka. Mimi si mtoto. Kabla ya kutuma nimemuuliza Brigita, uso kwa uso, wimbo unahusu nini. Ameniuliza mimi nimeuelewaje.

Nimemwambia nimeelewa wote.

Nimeutuma.